Mguu bandia ukikusumbua: anza na ngozi, malizia na chuma

Mwaka wa nane huu natembea na mguu bandia wa chini ya goti, upande wa kulia, na karibu kila uliponisumbua niliulaumu wenyewe. Mara nyingi nilikuwa nauonea. Fundi wetu wa viungo bandia, mama mtu mzima aliyesomea pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 1981, ana namna yake ya kupokea salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umevaa soksi ngapi leo?"

Hata uje na unyayo umepasuka vipande viwili, soksi kwanza. Baadaye anataka kuona ngozi, kisha kiatu. Kispana anakigusa mwisho kabisa. Nimeufuata mpangilio wake hapa, kwa sababu sisi watumiaji huwa tunauanza kinyume: tunakimbilia skrubu.

Ninaongelea mguu wa chini ya goti, ndio ninaoujua. Aliyekatwa juu ya goti atapata chake kwenye mambo ya ngozi, soksi na kiatu, ila goti la bandia ni somo jingine. Na tuelewane kwa majina. Kigutu ni sehemu ya mguu wako iliyobaki. Soketi ni kikombe kigumu kinachopokea kigutu. Ndani yake kuna ala ya sponji, au kwa wengine soksi nene ya silikoni yenye pini ya chuma nchani. Chini ya soketi kuna bomba, chini ya bomba unyayo.

"Ncha ya kigutu inauma, soketi imenibana"

Pengine haijakubana. Pengine imekuwa kubwa.

Soketi iliyotengenezwa vizuri hailazi uzito wako nchani. Uzito unabebwa na kano iliyo chini ya pia ya goti, ubavu wa ndani wa muundi, na nyama za nyuma. Kigutu kikisinyaa kinazama ndani. Ncha inagonga chini, pia ya goti inashuka na kukalia ukingo uliochongwa kwa ajili ya kano. Unasikia maumivu, akili inakwambia panabana, unavua soksi moja, unazidi kuzama. Mimi nilivua mbili. Siku ya tatu ile iliyobaki ilikuwa na damu.

Tofautisha hivi. Ukiwa unazama, maumivu yako nchani na kwenye pia ya goti, mguu unauona mfupi, na ukiinua hatua soketi inashuka kidogo halafu inapanda tena ukikanyaga. Ongeza soksi. Ukiwa hufiki chini, mguu unauona mrefu, panapouma ni kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya kano, na nchani unahisi pako wazi. Punguza soksi.

Bado huna uhakika? Chukua udongo wa kuchezea watoto, fanya kidonge cha ukubwa wa kunde mbili tatu, kifunge kwenye nailoni nyepesi, kitumbukize chini ya soketi. Vaa mguu kama kawaida, simama sawasawa kwa miguu yote miwili, kisha vua uangalie. Kikiwa kimesagika kama chapati, unagonga chini. Kikiwa bado duara, hufiki. Kikiwa kimebonyea kiasi, soketi haina kosa, tafuta kwingine.

Soksi za kigutu zina unene tofauti, unaotajwa kwa namba, kwa kawaida 1, 3 na 5. Hesabu jumla ya unene, usihesabu idadi. Jumla ikishafika kati ya 10 na 15, acha kuongeza, nenda ukapimwe soketi mpya. Sababu ni rahisi: soksi hujaza kila upande kwa usawa, ilhali kigutu hakisinyai kwa usawa. Nyama hupungua, mfupa haupungui. Kadiri unavyorundika soksi ndivyo mfupa unavyozidi kubanwa na nyama zinavyozidi kupwaya. Aliyekatwa karibuni asishangae akifika huko mapema, maana kigutu husinyaa sana katika mwaka wa kwanza hadi mwaka na nusu.

Ukikosa soksi zenyewe ukatumia za kawaida za pamba, angalia mshono wa vidoleni. Ukikaa kwenye ncha ya mfupa, jioni utakuwa na kidonda chenye umbo la mshono. Igeuze soksi, mshono uwe nje.

"Asubuhi hauingii, jioni unachomoka"

Huu kwa kawaida si ugonjwa. Usiku kigutu hakina kinachokikandamiza, kwa hiyo kinajaa maji. Mchana, kwa kutembea, maji yanasukumwa kurudi juu. Anza siku na soksi chache, weka moja kwenye mkoba au mfukoni, na adhuhuri iongeze. Kulala na bandeji ya kuvutika husaidia sana, ila ifungwe kwa mtindo wa namba nane, ikaze nchani na ilegee kadiri inavyopanda. Wanaoizungusha kama mkanda wa suruali hukinyonga kigutu, na asubuhi ncha inakuwa kama balungi.

Ikiwa hauingii siku mbili tatu mfululizo, jiulize kama umenenepa au ni mjamzito. Kisha bonyeza kifundo cha mguu wako mzima kwa kidole gumba. Kikibaki shimo, hilo si la karakana. Nenda hospitali wakaangalie moyo na figo. Na wale wanaosafishwa damu kwa mashine wanajua wenyewe: siku ya kusafishwa kigutu hupungua ghafla, soksi za jana hazifai leo.

Alama nyekundu, malengelenge, ngozi ya zambarau

Wekundu ukivua mguu ni kawaida, hasa palipobeba uzito. Angalia saa. Ukifutika ndani ya dakika kumi, endelea na maisha. Ukikaa zaidi ya dakika ishirini, pana mgandamizo usiostahili. Ngozi ikifanya lengelenge au ikichubuka, mguu unavuliwa na unabaki umevuliwa mpaka papone. Tembelea magongo, hakuna njia ya mkato hapo.

Palipo chini ya ncha huwezi kupaona bila kioo. Kinunue. Mwenye kisukari asisubiri kusikia maumivu, kwa sababu neva zake huenda hazitamwambia. Macho yake ndiyo yafanye kazi hiyo, asubuhi na jioni.

Mahali penyewe panasema mengi. Nje, kidogo chini ya goti, kuna kichwa cha mfupa mwembamba; pakichubuka kila mara, ama unazama, ama soketi inahitaji kupanuliwa hapo. Mbele kwenye ukingo wa muundi, vivyo hivyo. Nyuma ya goti huumia zaidi kwa wanaokaa mkekani au wanaotumia choo cha kuchuchumaa: ukingo wa nyuma wa soketi unakutana na kano mbili za paja. Mwambie fundi waziwazi kwamba unakaa chini na kwamba unasujudu. Akikupima umekaa kwenye kiti tu, hatajua.

Fundi wetu hutafuta mahali panapobana kwa rangi ya mdomo. Anaipaka juu ya sehemu iliyovimba, unavaa, unatembea hatua chache, unavua, na doa jekundu linamwonyesha pa kuchonga. Na nyumbani unaweza kumtayarishia kazi hiyo, lakini kuchonga mwachie yeye. Plastiki ya polipropilini, ile ya miguu ya hudhurungi iliyosambazwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, inalainika kwa joto, na hilo limewatia watu tamaa. Nimeona soketi iliyobanikwa kwenye jiko la mkaa. Ilipanuka, ndiyo. Ilipanuka pande zote.

Kosa jingine la huruma: kuweka pamba au kitambaa palepale panapouma. Umeongeza unene mahali palipokuwa pamejaa tayari, kwa hiyo umeongeza mgandamizo. Nafuu hutoka kwa kuinua pembezoni mwa kidonda, au kupachimba kwenye soketi.

Ncha ikigeuka zambarau na kuwa ngumu, inakwaruza mkononi, wakati mwingine inatoa majimaji, maana yake juu panabana na chini pana nafasi tupu. Damu inashuka, kurudi inashindwa. Mafuta hayatibu. Kinachotibu ni soketi inayoigusa ncha, na ukiwahi, ngozi huanza kurudi yenyewe.

Osha kigutu jioni, kiwe na usiku mzima wa kukauka. Ukiosha asubuhi na kuvaa papo hapo ngozi inabaki teketeke. Mafuta pia ni ya usiku. Vinyweleo usivinyoe, vitaota kwa ndani na kufanya majipu.

"Goti linasukumwa" — hapa angalia kiatu

Sijui jambo lingine linalotusumbua kimya kimya kama hili, na halielezwi vya kutosha siku ya kukabidhiwa mguu.

Unyayo wa bandia hauna kifundo kinachojipanga chenyewe. Fundi anaupanga kwa urefu wa kisigino cha kiatu ulichokwenda nacho siku ile. Tuseme kilikuwa kiatu cha ngozi chenye kisigino cha sentimita mbili. Ukifika nyumbani ukavua kiatu mlangoni, kisigino kimeshuka sentimita mbili, na mguu wote unaegemea nyuma. Goti linasukumwa nyuma kila ukisimama, unatembea kama unapanda mlima kwenye sakafu tambarare, na baada ya miezi kiuno ndicho kinacholia. Kinyume chake, ukivaa kisigino kirefu kuliko cha siku ile, mguu unaegemea mbele na goti linataka kukunjika, kama unateremka.

Sasa fikiria maisha yetu. Ndani hatuvai viatu. Msikitini hatuvai. Uani ni kandambili, sokoni makubazi, harusini kiatu. Mguu mmoja, vimo vinne.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Vua mguu, uvishe kiatu, usimamishe mezani uutazame kwa ubavu. Kisha vua kiatu uutazame tena. Tofauti utaiona kwa macho. Tiba ni kuchagua kimo kimoja na kukifuata: viatu vyako vyote viwe na kisigino kinacholingana, na kile kilicho kifupi kichomeke kipande cha sponji ndani, chini ya kisigino. Kandambili kuukuu hutoa vipande vizuri. Kwa ndani ya nyumba nina malapa niliyoyatenga, hayakanyagi nje, na wageni wamezoea. Ikiwa sehemu kubwa ya siku yako ni peku, mwambie fundi aupange mguu kwa peku, halafu viatu ndivyo vifuate.

Wahindi waliliona hili zamani. Mjini Jaipur mwaka 1968 fundi Ram Chander Sharma na daktari wa upasuaji P. K. Sethi walibuni unyayo wa raba wa kutembelea peku, kuchuchumaa na kukalia miguu iliyokunjwa, kwa kuwa zile nyayo za kigeni zilidai kiatu na kiti.

Ugumu wa kisigino nao una neno. Unyayo ulio wa kawaida huku hauna kifundo. Una kisigino cha sponji kinachobonyea ukikanyaga. Kiatu chenye kisigino kigumu kama jiwe kinaizuia sponji isifanye kazi yake, na goti linarushwa mbele mara tu unapokanyaga. Badili kiatu kabla hujamlaumu fundi. Kuhusu kandambili: vidole vya bandia havishiki kitu, kwa hiyo funga utepe wa mpira nyuma ya kisigino, la sivyo utaiacha njiani.

Unalia, unalegea, unageuka

Kwanza jua mlio unatoka wapi. Kaa, mguu umeuvaa, mtu mwingine aushike soketi kwa mkono mmoja na unyayo kwa mwingine, ausokote taratibu.

Ukilia kama mlango, mara nyingi ni unyayo unasuguana na ngozi ya kiatu. Poda ya mtoto ndani ya kiatu inatosha. Ukigonga "ko" kila hatua, tafuta bolti inayoshika unyayo, au kigutu chenyewe kinachopanda na kushuka ndani ya soketi, na hapo tumerudi kwenye soksi. Ukisaga, una mchanga. Sisi wa pwani ndio zaidi. Maji ya chumvi yakiufikia, uoshe kwa maji yasiyo na chumvi, uufute, uache ukauke kivulini. Skrubu zikishika kutu hazifunguki wala hazikazi.

Vidole vikianza kutazama nje au ndani, angalia kama ni soketi imezunguka kwenye kigutu au ni unyayo umezunguka kwenye bomba. Chora mstari kwa rangi ya kucha, unaopita kwenye maungio ya bomba na unyayo, siku mguu ukiwa mzuri. Mstari ukikatika, bolti imelegea. Usipokatika, ongeza soksi.

Kwenye miguu ya bomba la chuma kuna skrubu nne ndogo kuzunguka kila kiungio. Hizo si za kukaza tu. Ndizo zinazoamua mguu uegemee wapi: ukilegeza moja na kukaza ya upande wa pili, umeupindisha. Niliwahi kujifanya fundi na kispana cha umbo la L cha jirani mwenye pikipiki. Mlio ulikwisha. Nilitembea wiki mbili nikiwa nimeinama kushoto bila kujua, mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa nyonga. Skrubu ikilegea, irudishe kwa mkono ili isidondoke, uende karakana. Kwenye miguu ya polipropilini fundi akishaupanga huchomelea kabisa plastiki, kwa hiyo hapo huna cha kukaza isipokuwa bolti ya unyayo.

Unyayo umekwisha

Unyayo ndio unaotangulia kufa, na hufa kwa ndani. Dalili ni kuzama mwisho wa hatua: unapotaka kujisukuma mbele, vidole vinakunjika kupita kiasi na goti linaanguka. Mbao au plastiki ya ndani imevunjika. Au sponji imeoza.

Sponji ya nyayo nyingi ni poliurethani, na kitu hicho huliwa na joto na unyevu. Umeshanunua kiatu cha mtumba kizuri, soli ikameguka kama mkate siku ya tatu? Ni yaleyale. Ndiyo maana unyayo wa akiba uliowekwa kabatini miaka mingi unaweza kufa hata kabla haujavaliwa. Bonyeza kisigino kwa kidole gumba: pakirudi, uko salama, shimo likibaki au sponji ikimeguka, badilisha unyayo peke yake. Huhitaji mguu mpya, na usikubali kupangiwa foleni ya mguu mzima kwa sababu ya unyayo.

Soksi ya silikoni: pini, jasho, harufu

Ukivaa, pini iingie kwenye kufuli na ulie "ta, ta, ta." Hesabu milio yako ya kawaida. Ikipungua, kigutu kimejaa au soksi za juu ni nyingi, ikizidi, unazama. Isipolia kabisa, ama silikoni uliivaa upande na pini imekaa mshazari, ama kufuli limejaa mchanga na nyuzi za soksi. Pini ikigoma kutoka, usivute kwa hasira. Simama, kandamiza uzito chini, bonyeza kitufe, kisha kaa uvute.

Silikoni ioshwe kila jioni kwa sabuni isiyo na manukato, upande unaogusa ngozi ndio hasa, isuuzwe mpaka utelezi uishe, ikaushwe mbali na jua. Povu lililobaki ndilo linalowasha, na watu husema wana mzio wa silikoni. Jasho wiki za kwanza ni jingi mno, halafu hupungua. Vua mara moja mchana, futa, vaa tena. Poda usiweke chini ya silikoni.

Kinauma kidole nisichokuwa nacho

Niliambiwa mguu wangu ulizikwa umekunjwa, ufukuliwe unyooshwe. Haukufukuliwa, na maumivu yamepungua.

Jambo hili lina jina kwenye vitabu vya tiba tangu 1871, pale daktari wa Marekani Silas Weir Mitchell, aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipoliandika. Ubongo bado una ramani ya mguu. Tofautisha na kitu kingine: ukigonga sehemu moja ya kigutu na kila mara umeme unapita, hiyo ni ncha ya neva iliyofanya uvimbe, na soketi inaweza kuchimbwa iipishe. Lakini maumivu ya kidole kisichokuwepo hayana pa kugonga. Kwangu huongezeka soketi ikipwaya na nikikaa siku nzima bila kuvaa. Kukanda kigutu, kukifunga bandeji, na kuvaa mguu hunisaidia. Wengine hupata nafuu kwa kioo: unakiweka katikati ya miguu, unautazama mguu mzima ndani yake ukiuchezesha, na ubongo unaona miwili. Yakikunyima usingizi, zipo dawa za neva ambazo daktari anaweza kukuandikia. Zile za kawaida za maumivu mara nyingi hazifui dafu.

Goti halinyooki

Hii haina skrubu. Ni mto uliokuwa unauweka chini ya goti ili kigutu kistarehe. Uondoe leo, kaa na goti limenyooka, umwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Usisubiri

Kigutu chenye joto kali, usaha, harufu, ngozi nyeusi au homa kinakwenda hospitali, si karakana. Kidonda chochote kwenye mguu wako wa pili, ule mzima, kama una kisukari, vilevile, siku hiyohiyo. Na mtoto aliyekatwa mguu akianza kuonyesha mfupa unaochomoza nchani, apelekwe: mfupa wake bado unakua na unaweza kutoboa ngozi.

Ukienda kwa fundi, usivue mguu ukausubirishia benchi. Ingia umeuvaa, na soksi zote ulizo nazo kwenye mfuko, na viatu vya pande zote mbili, kulia na kushoto. Mwambie unauma saa ngapi ya siku na baada ya kutembea kiasi gani. Usiupake kigutu mafuta asubuhi hiyo, atashindwa kusoma alama. Na suruali iwe ya kupandishika juu ya goti. Mimi nilienda na jinzi ya kubana, nikarudishwa nyumbani nikabadilishe.